Fundi Anajibu: Datsun Iliyolala na Mbuzi

Barua za mwezi huu nyingi ni za IST na Noah, kama kawaida, nazo nitazijibu toleo lijalo. Leo nimechagua za magari ya zamani, kwa sababu ipo moja iliyonifanya nisahau chai mezani.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa miaka 29, mhasibu, naishi Ipagala hapa Dodoma. Marehemu mjomba aliniachia gari lililokuwa kwake Kondoa: Datsun 240Z ya mwaka 1972, milango miwili, rangi ya chungwa iliyopauka. Limekaa bandani tangu nikiwa shule ya msingi. Nimelileta juu ya Fuso na sasa lipo uani. Mbuzi walikuwa wanalala chini yake na kuku walitaga nyuma ya viti. Fundi mmoja wa mtaani anasema tuliwashe kwanza tusikie mlio, bodi baadaye. Mwingine anasema nilipime kwa kilo niuze chuma chakavu. Mimi nataka nilitengeneze mwenyewe Jumamosi na Jumapili, na niliboreshe kidogo liweze kwenda Iringa na kurudi. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Huyo wa chuma chakavu futa namba yake.

Gari la mjomba wako si mgeni huku kwetu. 240Z ilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Mwaka huo wa 1973 Mehta alilingana pointi na Harry Källström, ambaye naye alikuwa ndani ya Datsun, aina nyingine. Sisi wa rika langu tuliijua Z ikiwa imejaa matope kabla hatujaiona imeoshwa. Kwa hiyo usiwaze kwamba unarekebisha mdoli wa kuegesha hotelini.

Sasa, usiliwashe. Najua mlio wa silinda sita unavyoita, lakini injini ni kitu cha nne. Cha kwanza ni bati, cha pili breki, cha tatu waya.

Uliponitajia mbuzi nilijua kutu iko wapi. Mkojo wa mbuzi una chumvi, na chumvi na bati havikai nyumba moja. Tena mbuzi ana akili, analala upande wenye kivuli. Chungulia uvunguni, utakuta upande mmoja umeliwa kuliko mwingine. Ukame wa Kondoa umekusaidia sana juu. Mjomba angekuwa mtu wa Tanga tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Z haina chesisi ya peke yake kama Land Rover. Bodi ndiyo chesisi. Tundu la sakafuni usilione dogo kwa kuwa kapeti litalifunika; hapo ni mgongo wa gari umetoboka. Ng'oa viti na kapeti, tandika magazeti uvunguni, kisha chukua bisibisi kubwa uigeuze ugonge kwa mpini, shubiri kwa shubiri. Bati zima linajibu "ngo" na mpini unaruka mkononi. Lililooza linajibu "pufu", mpini unazama kidogo, na chini kwenye gazeti linadondoka vumbi la kahawia kama ugoro. Zungushia chaki hapohapo kabla hujasahau.

Gonga zaidi chini ya betri, maana asidi ilivuja miaka yote hiyo. Gonga pale miguu inapokaa, na zile reli mbili zinazopita chini ya sakafu. Gonga chini ya milango, na kwenye shimo la tairi la akiba. Halafu fungua pale chini ya kioo cha mbele: kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua, na vyako nina hakika vimezibwa na majani na uchafu wa kuku. Maji yakikosa njia hapo yanaoza bati kwa ndani, na kwa nje huoni kitu. Pita pia na sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya bodi nzima. Isiponata, hapo chini ya rangi kuna puti, ule udongo wa kujazia bati, na mtu alificha jambo.

Kukata na kuchomelea mpe fundi bodi, ila simama naye. Asibandike bati jipya juu ya lililooza. Akate mpaka akutane na chuma kinachong'aa. Kabla hajakata chini ya milango, achomelee bomba la muda ndani, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, la sivyo bodi italegea na mlango hautafunga tena maishani. Betri iwe nje. Tangi la petroli liwe nje kabisa, mbali, na mtu asikuambie "liko tupu halina shida". Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Breki. Z ina diski mbele na ngoma nyuma, na kwa umri huo mipira yote ndani imekuwa biskuti. Badilisha mipira yote, hosi zote, usichague. Hapa ndipo maboresho ya kwanza yanapoingia, na ni ya bei ya Mtanzania: kalipa za mbele, zile zinazobana diski, za Toyota Hilux ya 4x4 ya mwaka 1979 hadi 1985, zenye pistoni nne, zinaingia kwenye matundu yaleyale ya Z. Unapinda au unakata kidogo lile bati la kuzuia vumbi nyuma ya diski, na unatengeneza upya kabomba kafupi ka mafuta ya breki. Hakikisha umepata zile nyembamba, kwa sababu kuna pana zilizotengenezwa kwa diski nene na hizo zitakusumbua. Jaribu rimu juu yake kabla hujafunga moja kwa moja. Kalipa za asili zipake grisi, zifunge kwenye gunia, weka stoo. Kila utakachoboresha kwenye gari hili kiwe cha namna hiyo, mtu wa baadaye aweze kurudisha kilichokuwepo bila kukulaani.

Waya nitakusimulia. Usiku mmoja natoka Iringa na Z yangu, nimevuka bwawa la Mtera, taa zikaanza kufifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta ya taa. Harufu ya plastiki ikatangulia, moshi ukafuata. Nilichomoa betri kwa mikono mitupu, nikalala humo ndani mpaka alfajiri, na mbu wa Mtera wanajua kazi yao. Asubuhi nikafungua kisanduku cha fyuzi: fundi aliyenitangulia alikuwa ameweka karatasi ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi. Lakini hata bila yeye, Z ina udhaifu wake wa kuzaliwa. Umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya kwenye stelingi kabla ya kufika mbele. Waya ni mwembamba, njia ni ndefu, miaka imeenda. Swichi inapata joto, taa zinakosa nguvu. Na amita, kile kipimo cha umeme cha kwenye dashibodi, nayo inabeba umeme wa gari zima, kwa hiyo vibano vya nyuma yake vikilegea, joto linaanzia hapo.

Dawa ni rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme, moja ya mwanga wa chini wa taa kubwa na moja ya mwanga wa juu, zikichukua umeme moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake. Swichi ya zamani inabaki kutoa amri tu. Langu alilifunga binti yangu kwa nusu siku, hakukata waya hata mmoja wa asili, na siku hiyohiyo akaniambia macho yangu hayana tatizo kama nilivyokuwa nadhani.

Haya, injini. Ni L24, silinda sita mstari mmoja, cc 2,393. Toa plagi zote, mimina oili kijiko kimoja kila tundu, liache siku tatu. Kisha izungushe kwa spana, kwa mkono, polepole. Ikigoma usilazimishe kwa bomba refu, ongeza oili na subira. Ikizunguka, pima mwanya wa valvu injini ikiwa ya baridi: za kuingiza 0.20 mm, za kutolea 0.25 mm. Pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, silinda zote sita. Kinachonitisha ni silinda moja kuachana sana na wenzake, kuliko zote kuwa chini kidogo.

Kabureta ni mbili, za Hitachi, na watu wanaziogopa bure. Juu ya kila moja kuna kifuniko unachofungua kwa vidole, na ndani kuna kijiti kinachoogelea kwenye oili nyepesi. Oili hiyo ikikauka, ukikanyaga gari linakohoa, na fundi asiyejua atakuuzia kabureta nyingine. Chini yake kuna nati ya mchanganyiko. Ipandishe mpaka mwisho, kisha ishushe raundi mbili na nusu, hapo ndipo pa kuanzia. Sisi Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani, kwa hiyo gari lililosetiwa Dar likifika hapa linakunywa kupita kiasi na plagi zinakuwa nyeusi. Pandisha nati kidogo kidogo, kabureta zote mbili sawasawa, mpaka plagi ziwe rangi ya chai ya maziwa.

Na tafadhali, boksi la filta lisitoke. Vijana wanalitoa wanaweka vikombe vinavyong'aa ili wasikie kabureta zikinyonya. Mwezi wa nane hapa kwetu zinanyonya Dodoma yenyewe.

Kwa moto wa plagi, ukipata distributa ya elektroniki ya 280ZX iliyotengenezwa kuanzia 1979 pamoja na kitako chake, ifunge, na utumie koili inayoendana nayo. Utasahau kusugua pointi za distributa kila mara. Rangi ya chungwa iwe ya mwisho. Iringa utafika.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Datsun 180B ya baba. Nikitoka Singida kuja Dodoma linatembea vizuri, ila nikisimama Manyoni kula, nikirudi haliwaki mpaka jua lipungue. Nimeshabadilisha betri mara mbili. Fundi wangu ameshatoa themostati, ile valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, na bado.

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Betri zote mbili zilikuwa nzima, pole kwa hela. Injini hizi za Datsun za ukoo wa L zina tabia moja: njia ya kuingiza na ya kutolea moshi ziko upande mmoja, kabureta imekaa juu ya ekzosi kama sufuria juu ya jiko. Linapotembea, upepo na petroli mpya vinapoza. Ukizima, joto lote linapanda, petroli inachemka na kuwa mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Ukikwama, fungua boneti, weka kitambaa chenye maji kwenye pampu na kwenye bomba la petroli, kunywa soda moja, utaondoka. Dawa ya kudumu ni kipande cha bati kati ya ekzosi na kabureta, na bomba la petroli lihamishwe lisipite juu ya joto.

Themostati irudishe. Kuitoa ni ugonjwa wa gereji zetu. Injini inayotembea baridi inachakaa na inakula mafuta. Kilichoharibika kwako pengine ni rejeta, kwa sababu watu wanajaza maji ya kisima. Tazama ndani ya birika lako la chai, ule ukoko mweupe ndio uliomo kwenye vijibomba vya rejeta. Isafishe, kisha tumia kulanti na maji yaliyochujwa chumvi.

SWALI: Mzee, nina bodi ya Z isiyo na injini, niko Nzuguni. Nataka kuweka injini ya 1JZ ya turbo kutoka kwenye Toyota Mark II. Unasemaje?

JIBU: Nasema hapana, ila gari ni lako. Bodi hiyo, difu hiyo na breki hizo zilipangwa kwa injini ya farasi kama 150. Ukileta 280, utabadilisha kila kitu mpaka kibaki kioo cha mbele, na namba ya injini kwenye kadi utaihangaikia vilevile. Tafuta Nissan Patrol ya zamani ya petroli, zile za namba 160. Nyingi zina L28, ndugu wa damu wa injini ya asili ya Z, cc 2,753, na inakaa kwenye maunti, vile vishikio vya injini, za Z. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ndiyo tofauti tu, kwa hiyo tafuta ya Z na kifyonza oili chake kabla hujailipia.

SWALI: Mume wangu amenunua gari bovu la zamani na sasa anachemsha vyuma vyake kwa ndimu kwenye sufuria yangu ya ugali. Anasema amesoma kwako. Je, sufuria ikioshwa vizuri inafaa?

JIBU: Haifai, mama. Kabureta za zamani zimepitisha petroli yenye madini ya risasi miaka mingi, nayo ni sumu isiyotoka kwa sabuni. Mwachie hiyo, na akununulie mbili mpya kabla hajanunua spea nyingine yoyote. Mwambie ni mimi nimesema.