Seva imegota kwenye megabaiti 11

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina kompyuta ya mezani ya zamani, Core 2 Duo yenye RAM ya GB 4 na Debian, naitumia nyumbani kama seva ya kuhifadhia video za harusi. Zamani video ya GB 4 ilihama kutoka kwenye laptop kwa chini ya dakika moja. Sasa inachukua dakika sita, na kipimo kimeganda kwenye megabaiti 11 kwa sekunde. Fundi amesema mashine imechoka, ninunue nyingine. Nimeongeza hata kifurushi cha intaneti, wapi! Nifanyeje?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Ndugu yetu, usinunue mashine. Hiyo 11 isiyopanda wala kushuka imeshakueleza tatizo lilipo. Diski inayokufa huyumba: mara 60, mara 8, mara inasimama kabisa. Kasi inayoganda kwenye 11 ni ya waya unaopitisha megabiti 100 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawa kwa 8 upate megabaiti 12.5, ondoa kinacholiwa na vichwa vya pakiti (anwani zinazobandikwa kwenye kila kifurushi cha data), inabaki 11 na ushee. Kwenye gigabiti (megabiti 1000) ungepata megabaiti 110 hivi, na video yako ingefika kwa sekunde 40. Kifurushi cha intaneti hakihusiki kabisa, maana faili halitoki nje ya nyumba.

Thibitisha hivi. Kwenye seva andika `ip link` upate jina la kadi ya mtandao, tuseme eno1, kisha `sudo ethtool eno1`. Soma mstari wa Speed. Ukikuta 100Mb/s, chomoa waya na uweke mwingine mfupi unaouamini. Speed ikiruka hadi 1000Mb/s, mwizi ni waya. Isiporuka, hamisha waya kwenye tundu jingine la ruta au swichi. Fanya hivyo hivyo upande wa laptop, maana upande mmoja ukibaki kwenye 100, safari yote ni ya 100.

Kwa nini waya mbovu usikate mtandao kabisa? Ndani mna nyuzi nane, jozi nne. Megabiti 100 inahitaji jozi mbili tu, pini 1, 2, 3 na 6, yaani ya chungwa na ya kijani. Gigabiti inazitaka zote nne. Uzi mmoja wa bluu au wa kahawia ukilegea, kadi nyingi hushuka zenyewe hadi 100 na kuendelea kimyakimya. Taa zinawaka, faili zinahama, nawe unailaumu mashine.

Kigamboni kuna jambo la kuangalia zaidi: hewa ya chumvi. Chomoa kichwa cha waya, kielekeze kwenye mwanga wa simu, utazame zile bati nane ndogo. Zinapaswa kung'aa dhahabu. Ukiona ukungu wa kijani au madoa meusi, usihangaike kusugua. Kata kichwa, funga kipya. Tundu la kadi nalo lichungulie.

Kufunga upya: menya ganda sentimita 2 au 3, panga chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Usifumue misokoto zaidi ya milimita 13. Sukuma hadi uone ncha zote nane zimegota mbele ya kichwa, na ganda la nje liingie chini ya kibano chake. Bila hivyo mvuto mdogo tu utalegeza nyuzi. Kile kipima waya cha taa nane hakitoshi. Kinaonyesha kwamba umeme unapita, basi. Jozi zilizochanganywa kinazipitisha vizuri tu, na gigabiti inakwama.

Ukienda Kariakoo kununua waya mpya, kwangua uzi mmoja kwa wembe kabla ya kulipa. Ukiona weupe ndani ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inavunjika upesi ikikunjwa na ndiyo inayowarudisha watu wengi kwenye tatizo hili hili. Dai shaba tupu, daraja la Cat5e linatosha nyumbani.

Tahadhari: usikubali mtu "alazimishe" kasi kwenye mipangilio. Gigabiti ya waya wa shaba inategemea pande mbili kupatana zenyewe. Ukizima mapatano upande mmoja, upande wa pili unaweza kudhani ni nusu-dupleksi (kutuma na kupokea kwa zamu), na kasi itaporomoka chini hata ya hiyo 11.

Kama ruta yenyewe ina matundu ya megabiti 100, na nyingi za watoa huduma ziko hivyo, nunua swichi ndogo ya gigabiti ya matundu matano. Chomeka seva na laptop humo, ruta ipate waya wake mmoja. Data ya seva haitapita tena kwenye ruta.

Mwisho pima kasi ya mtandao peke yake, bila diski, kwa `iperf3 -s` kwenye seva, na `iperf3 -c` ikifuatiwa na anwani ya seva kwenye laptop. Rudia ukiongeza `-R` kupima mwelekeo wa pili. Megabiti 940 pande zote ni waya mzima. Ukipata 940 lakini faili bado linakwenda kwa megabaiti 35, basi ni diski. Ya nje ya USB 2.0 huishia 30 hadi 40 hata iwe mpya.

SWALI: Yangu inatoa 940 kwenye iperf3 na diski ni ya SATA, ila nikihamisha kwa scp (amri ya kunakili faili kupitia SSH) inakuwa nzito. Kwa nini?
Msomaji, Tabata

JIBU: Scp inasimba kila kitu, na prosesa za enzi ya Core 2 hazina maelekezo ya ndani ya kusimba kwa AES, njia ya usimbaji inayotumika sana. Fungua `top` wakati faili linahama. Sshd, programu ya seva inayopokea scp, ikila karibu 100% ya kiini kimoja, umeipata sababu. Ndani ya nyumba tumia Samba au NFS, njia za kushirikisha mafaili kwenye mtandao, scp ibaki ya kuingilia kutoka nje.