Kutolewa kizazi wakati wa kujifungua: majibu kwa maswali yenu

Daktari, mdogo wangu alijifungua salama, kisha akakimbizwa thieta akatolewa kizazi. Kwa nini hawakujaribu njia nyingine kwanza?

Mara nyingi huwa wamejaribu, ila ndugu waliosubiri nje hawaoni. Mimba ikitimia miezi, damu inayopita kwenye kizazi hufika nusu lita au zaidi kila dakika. Kondo likishabanduka, kinachobana mishipa ile ni misuli ya kizazi kusinyaa. Isiposinyaa, damu humwagika kwa kasi ya kutisha. Hapo kizazi hukandwa, mama huchomwa oksitosini (dawa ya kukisinyaza kizazi), huongezewa dawa ya kulinda damu iliyoganda, huwekewa puto ndani ya kizazi, au kizazi chenyewe hufungwa kwa nyuzi kama mzigo unavyokazwa kamba. Yakishindikana hayo, au kizazi kikiwa kimepasuka vibaya, au kondo likiwa limeota ndani ya misuli, kinatolewa. Mimi ninachokihofia zaidi ni timu inayositasita hadi damu ya mama inaacha kuganda kabisa.

Sikuwa na fahamu, wala sikuulizwa. Walikuwa na haki hiyo?

Sheria za nchi hazifanani, lakini msingi wa udaktari ni kwamba mgonjwa asiyeweza kujieleza huku maisha yake yakiponyoka huokolewa kwanza. Ukishazinduka, deni linabaki kwao: wakueleze. Omba ripoti ya upasuaji. Iseme damu ilitoka kwa sababu gani, uliongezewa chupa ngapi, na kama ovari (vifuko vya mayai) na mlango wa kizazi vimeachwa. Ukiambiwa tu “tulikuokoa”, rudi ukaulize tena.

Je, nitazeeka mapema? Na maziwa yatatoka?

Ovari kwa kawaida huachwa, na ndizo zinazotoa homoni, kwa hiyo hutaanza joto la ghafla na jasho la usiku kesho yake. Hedhi ndiyo itakayokoma, na mimba hutabeba tena. Kama mlango wa kizazi umeachwa, unaweza kuona matone kidogo ya damu, na kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kunaendelea kama zamani.

Kunyonyesha kunawezekana. Lakini aliyepoteza damu nyingi sana na maziwa hayatoki kabisa amwambie daktari mapema, maana tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huweza kudhurika kwa kukosa damu.

Nimeshapasuliwa mara tatu, sasa nina mimba na kondo limefunika njia. Nijiandae vipi?

Swali lako ndilo lililonishtua. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba wanawake wa hali yako, wakiingia upasuaji wa nne, takribani 6 kati ya 10 kondo lao lilikuwa limeng'ang'ania kizazi. Pigwa ultrasaundi na mtaalamu atakayechunguza jambo hilo hasa. Jifungulie hospitali yenye thieta, damu ya kutosha na madaktari wenye uzoefu, kwa tarehe iliyopangwa. Ukiona damu kabla ya hapo, hata isiyouma, nenda siku hiyohiyo.

Mtoto wangu mzima, lakini nalia kila siku. Nina kasoro?

Huna, dada. Umepata mtoto na umefiwa na waliokuwa hawajaja. Ukikosa usingizi hata mtoto akilala, au tukio likikurudia kama linatokea upya, onana na mshauri nasaha. Hiyo nayo ni sehemu ya matibabu.

Tendo la ndoa?

Wiki 6 hivi, baada ya kukaguliwa kidonda, na ukiwa tayari wewe.