Kabla Hujafungua Kabureta: Niliyojifunza kwa Corolla ya Mwaka 1983

Katika masika ya mwaka wangu wa pili na Corolla KE70 ya mwaka 1983, gari hilo lilianza tabia ambayo kila mwenye gari la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ataitambua. Alfajiri, nilipokuwa nikitoka Sahare, hapa Tanga, kwenda kazini Pongwe, lilikuwa linawaka kwa shida, na likishawaka linamisi, yaani injini inakatakata, na kutetemeka hata kioo cha pembeni hakionyeshi kitu. Nikiliachia kwenye sailensi, yaani injini ikinguruma gari likiwa limesimama, linazima. Ifikapo saa tano, jua likishakolea, linatulia kabisa, na mtu angeliendesha saa hizo angeniona mimi ndiye mwenye matatizo.

Fundi wa kwanza hakusita: kabureta ni chafu. Ikafunguliwa, ikaoshwa kwa petroli, ikarudishwa. Siku mbili baadaye mchezo ukawa ule ule, ikafunguliwa tena, kisha mara ya tatu. Sikuhoji, kwa sababu nami niliamini kwamba gari la zamani likisumbua, mchawi wake ni kabureta. Baada ya mara ya tatu hali ilibadilika kweli, lakini kwa ubaya: sasa gari lilikuwa likitetemeka asubuhi na mchana pia. Kumbe lilikuwa na maradhi mawili, na la pili tulilitengeneza sisi wenyewe.

Aliyenitoa gizani alikuwa mzee mmoja wa Makorora ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye malori ya mashamba ya mkonge. Nilipoanza kumsimulia habari za kabureta alinikatiza: "Mwanangu, hiyo iacheni kwanza. Njoo baada ya swala ya Isha, na uje na chupa ya kupulizia maji." Nilidhani anataka kupumzika tu. Usiku ule alizima taa ya uani, akafungua boneti huku injini ikinguruma, akapuliza ukungu mwembamba wa maji juu ya distribyuta, ile inayogawa umeme kwa kila plagi, na nyaya za plagi. Cheche za rangi ya buluu zikaanza kutambaa juu ya kifuniko cha distribyuta na kuruka kutoka kwenye waya mmoja hadi kwenye chuma cha injini, na papo hapo injini ikaanza kukohoa vile vile inavyokohoa alfajiri.

Maelezo yake ni rahisi. Koili huupandisha umeme wa betri kutoka volti 12 hadi zaidi ya 10,000, na umeme wa nguvu hiyo hutafuta njia iliyo nyepesi kuliko kuruka nafasi ya plagi. Hapa pwani hewa ina chumvi, na chumvi hunyonya unyevu, kwa hiyo vumbi lililoganda juu ya kifuniko hugeuka njia ya umeme kila usiku wenye umande na kukauka jua linapopanda. Ndiyo maana gari lilikuwa linaumwa asubuhi na kupona mchana. Ugonjwa unaofuata saa na hali ya hewa namna hiyo ni vigumu kuwa wa kabureta, kwa sababu uchafu wa kabureta hausubiri umande.

Tulipokivua kifuniko tukakuta kwa ndani mstari mweusi mwembamba kama unywele, ukitoka kwenye ncha moja hadi nyingine. Mstari wa namna hiyo hausafishiki, kwa hiyo nilinunua kifuniko kipya, rota inayozunguka chini yake, na nyaya nne. Mzee akazisugua pia pointi, vile visahani vinavyokata na kuunganisha umeme ndani ya distribyuta, akaweka nafasi ya milimita 0.45 kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, na plagi akaziweka milimita 0.8. Hizo ni namba za injini yangu ya 4K; mwenye gari jingine na afuate za kitabu chake. Kumbuka pia kwamba kipande kinachosugua kwenye ekseli ya distribyuta huisha taratibu, na kadiri kinavyoisha nafasi ya pointi hupungua na cheche huchelewa, hivyo pointi si kitu cha kuweka mara moja na kusahau.

Usijaribu kupanga upya nyaya za plagi kwa kumbukumbu. Mpangilio wa mwako wa 4K, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-3-4-2, na nyaya mbili zikibadilishana nafasi utapata mtetemo ambao hakuna kabureta iwezayo kuufanya. Mimi siku hizi huzifunga vipande vya uzi, kimoja kwa silinda ya kwanza, viwili kwa ya pili, na kuendelea.

Asubuhi iliyofuata gari liliwaka mara moja, ila mtetemo wa sailensi ukabaki. Ukikanyaga mafuta kidogo unapotea, ukiachia unarudi. Mzee akaniambia nivute choki, kile kizibo kinachopunguza hewa ya kabureta, nusu, injini ikiwa tayari ya moto. Kwa kawaida injini ya moto ukiivutia choki inazidi kulemewa, yangu ilitulia. Jaribio hili halihitaji spana wala shilingi, na ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa maana linakuambia kwamba injini ina njaa: ama inapata hewa nyingi kupita kiasi, ama petroli ni kidogo. Akachukua ile ile chupa ya maji, akapuliza kuzunguka kitako cha kabureta, na mlio ukabadilika pale maji yalipofika upande wa nyuma. Hewa ilikuwa inaingilia kwenye gasketi ambayo ilitolewa na kurudishwa mara tatu bila kubadilishwa, huku nati za kitako zikiwa zimekazwa upande mmoja kuliko mwingine. Wapo wanaopuliza petroli badala ya maji ili mabadiliko yasikike zaidi. Juu ya ekzosi yenye moto, mimi sishauri.

Gasketi mpya, nati zikakazwa kidogo kidogo kwa kupishana, na mpira mmoja wa vakyumu, yaani wa mvuto wa hewa ya injini, uliokuwa umepasuka ukabadilishwa. Kazi nzima ilichukua muda mfupi kuliko kuiosha kabureta mara moja.

Si kwamba kabureta haikosei kamwe. Petroli ya kwenye madumu barabarani huja na maji na mchanga, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haikuanza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta halali, mwaka 2010 bila sababu. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwepo. Lakini hata hapo anza nje. Kabureta ya Corolla yangu ina kidirisha cha kioo kinachoonyesha usawa wa petroli ndani yake: ikiwa juu mno, boya au sindano yake haizibi, ikiwa chini, tazama filta na pampu kwanza. Kabureta nyingi za miaka ile zina pia kidude cha umeme kinachofungua njia ya petroli ya sailensi unapowasha swichi. Kiguse swichi ikiwashwa. Usiposikia mlio mdogo wa "tiki", huenda ni waya wake tu umechomoka. Ikibidi kusafisha jeti, kile kitundu kinachopima petroli, tumia upepo wa kompresa. Waya wa chuma hupanua tundu la shaba, na tundu likishapanuka gari litakunywa petroli mpaka ununue jeti nyingine.

Plagi zenyewe ni mashahidi wazuri. Zitoe baada ya safari ya kawaida uzipange kwa namba za silinda. Rangi ya kahawia hafifu ni afya; masizi makavu meusi ni petroli nyingi; nyeupe ni hewa nyingi; na iliyolowa petroli, cheche haifiki. Zote nne zikiwa na rangi moja mbaya, kosa ni la kabureta au hewa. Moja ikiwa tofauti na wenzake, kosa ni la silinda hiyo peke yake: plagi, waya, vali au mgandamizo wa pistoni. Vali hazisemwi sana, ila za 4K hurekebishwa kwa fila geji injini ikiwa ya moto, na iliyobana sana huikosesha silinda nguvu bila kupiga kelele.

Jambo moja kwa wanaopanda milimani. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa Tanga hupeleka petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana kule. Gari litazubaa kidogo na moshi utanuka petroli. Nilipopata hali hiyo mara ya kwanza, nilisimama Soni nikazungusha skrubu ya mchanganyiko, na niliporudi Mombo nikawa na gari linalomisi upya. Sasa bisibisi inabaki ndani ya buti hadi nirudi nyumbani.