Leseni Ina Jina, Ina Mlango, Ina Kazi

Wenye kliniki ndogo, kuanzia Likoni hadi Mtopanga hapa Mombasa, huniuliza swali moja: nitafute karatasi gani ili wakaguzi wakija nisifungiwe? Wanataka orodha. Orodha ipo, na nitaigusa. Lakini kwa muda niliosimamia kliniki ng'ambo ya feri, na huu ambao nawasaidia wengine kupanga mambo yao, niliowaona wakifungiwa kwa kukosa karatasi kabisa ni wachache. Wengi karatasi wanazo, zimetiwa fremu, zimetundikwa juu ya meza ya mapokezi. Tatizo ni kuwa karatasi inasema hili na kliniki inafanya lile.

Leseni za afya Kenya zimefungamana na vitu vitatu: mtu, mahali na kazi. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, husajili kituo na kukipa kiwango chake. Kila mtaalamu aliye ndani naye ana baraza lake: maafisa wa kliniki (clinical officers) wana lao, wauguzi wana lao, watu wa maabara wana bodi yao, na dawa ziko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Ukiweka mashine ya eksirei, kuna Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia chini ya sheria ya 2019. Kibali cha biashara cha kaunti ni kitu kingine kabisa, wala hakikuruhusu kumtibu mtu yeyote. Nalisema hili kwa sababu kuna watu bado wanaamini kuwa wakishalipa kaunti wamemaliza.

Tuanze na mtu, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka. Iko tabia ya kukodi jina. Daktari anaishi Nairobi, leseni yake inaning'inia Bamburi, na kila mwezi anatumiwa chochote kwa simu. Siku nyingine mwenye kliniki ni mwema tu: aliajiri afisa wa kliniki aliyesajiliwa, yule akapata kazi nchi za Ghuba akaondoka, na nafasi yake ikazibwa na "kijana mzuri" wa chuo aliyekuja kujifunza.

Nilikuwapo Kisauni siku wakaguzi walipoingia kwenye kliniki ya namna hiyo. Mkaguzi, mama mmoja mtaratibu, hakuziangalia fremu. Aliomba kitabu cha wagonjwa wa nje, akapitisha kidole kwenye safu ya sahihi, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akauliza: "Huyu mwenye leseni, sahihi yake ni ipi hapa?" Wiki nzima ilikuwa sahihi moja, ya yule kijana. Mwenye kliniki akainuka kutafuta soda ya mgeni. Mama akamwambia akae, hana kiu.

Kwa hiyo, kabla mtu hajashika zamu yake ya kwanza, hata akiwa lokamu (mbadala wa muda) wa usiku mmoja, mtafute kwenye tovuti ya baraza lake. Usitosheke na nakala ya cheti aliyokutumia. Linganisha jina na kitambulisho, tazama leseni ni ya mwaka gani, chapisha ukurasa ule uutie kwenye faili lake. Leseni nyingi za sekta hii huisha 31 Desemba, na Januari ndio mwezi ambao nusu ya kliniki za mji huu zinafanya kazi kwa imani. Mtu akiacha kazi, liandikie baraza wiki hiyohiyo, usingoje kupata wa kumrithi.

Mahali ni rahisi zaidi: ukihama, hata ukivuka barabara tu, omba upya. Leseni haisafiri kwenye mkokoteni pamoja na vitanda.

Kazi ndiyo inayouma siku hizi, kwa sababu ya pesa za SHA. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii ichukue nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, kiwango cha kituo ndicho kinachoamua utalipwa kwa huduma gani. Kliniki iliyosajiliwa kwa wagonjwa wa nje ikiweka magodoro mawili chumba cha nyuma na kuyaita "ya mapumziko", hapo hakuna dhambi mpaka siku dai linapopelekwa likisema mgonjwa alilazwa. Mwaka 2025 mamia ya vituo nchini vilifungwa au kushushwa kiwango, na Agosti mwaka huo Wizara ya Afya ikasimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma za ulaghai. Moja ya tuhuma ilikuwa hiyohiyo, kumgeuza mgonjwa wa nje akawa wa kulazwa. Madai yasitumwe na karani peke yake. Aliyemtibu mgonjwa aisome kila fomu kabla haijatoka, kwa sababu jina litakaloulizwa ni lake.

Hofu ya kuvuka mipaka ya leseni nayo imezaa balaa jingine. Watu wanawafungia mlango wagonjwa mahututi. "Mimi sina ruhusa ya kuzalisha, nikimpokea nitashtakiwa." Sheria inasema kinyume. Katiba, kifungu cha 43(2), inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 imeweka faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa kituo kinachokataa ilhali kina uwezo. Sheria hiyo pia imeeleza matibabu ya dharura ni nini: ni pamoja na kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuharibika, na kumpangia rufaa kama huna vifaa. Huombwi upasuaji. Unaombwa umzuie damu, umwekee dripu, upige simu, umsindikize.

Na uandike. Sisi wa Likoni tunajua rufaa ya usiku ni nini: ambulensi hupewa nafasi ya mbele kwenye feri, lakini feri yenyewe lazima ifike. Zile dakika baadaye huulizwa na jamaa, na pengine na wakili. Faili lionyeshe mgonjwa alifika lini, presha ilikuwa ngapi, simu ilipigwa lini na nani aliipokea upande wa pili, gari lilifika kivukoni saa ngapi. Tumieni saa kwa mfumo wa saa 24, tafadhali. Nimeshika faili ambamo muuguzi kaandika saa 8 ya Kiswahili, na daktari, kwa tukio hilohilo, kaandika saa 2 ya Kizungu. Kwenye karatasi mgonjwa alionekana katelekezwa saa sita nzima, na hakuna aliyemtelekeza hata dakika moja. Jamaa wana miaka 3 ya kufungua kesi ya uzembe, na ukifika mwaka wa tatu kumbukumbu ya muuguzi haikusaidii kitu, hasa akiwa yuko Doha.

Suala la ridhaa nalo halitaki fomu ya kunakili kwenye intaneti. Sheria ya Afya inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Fomu nyingi ninazozikuta ni za Kiingereza cha mawakili, anapewa bibi wa Mtongwe anayezungumza Kidigo na Kiswahili, anaweka dole gumba. Mbele ya hakimu dole hilo halina uzito. Andika fomu kwa Kiswahili cha kawaida: utafanyiwa nini, kwa nini, nini kinaweza kwenda vibaya, kuna njia gani nyingine, na una haki ya kukataa. Chini iwe na nafasi ya jina la aliyeeleza na lugha aliyotumia.

Hapa Pwani nitasema na hili, na najua si wote watakaolipenda. Mume akae, asikie, aulize, hata ashauri. Ni adabu na ni desturi yetu, na mama mkwe naye akiwapo ni heri. Lakini mwanamke mtu mzima mwenye fahamu zake ndiye anayetia sahihi ya mwili wake. Nimeona kliniki zikimpa kalamu bwana huku mgonjwa yuko palepale anatazama. Siku ndoa ikiharibika, fomu hiyo itaulizwa.

Madeni. Msimzuie mtu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kuwa kuwazuilia akina mama katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya bili kulikiuka haki zao, na mahakama zimerudia msimamo huo baadaye. Kuzuia maiti ndiyo mbaya zaidi. Katika mji ambao watu huzika kabla jua halijazama, utakuwa na umati langoni kabla ya adhuhuri. Njia iliyonyooka ni hati ya ahadi ya malipo: kiasi, tarehe za awamu, nakala ya kitambulisho cha mgonjwa na cha mdhamini mmoja, sahihi zao wote. Asipolipa, nenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo tunayo Mombasa. Inashughulikia madai hadi shilingi milioni 1, sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Wenye kliniki wengi hawaijui, wanaendelea kufungia wazazi na vichanga kwenye wodi huku wakilisha watu wasiolipa.

Kuhusu siri za wagonjwa, nitawasimulia bajia. Nilinunua bajia karibu na Mwembe Tayari, zimefungwa kwenye karatasi, na karatasi ile ilikuwa fomu ya maabara: jina la mtu, majina yote matatu, umri, mtaa, na majibu ya kipimo cha kaswende. Kuna mtu alifagia ofisi akauza karatasi kwa kilo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Nafuu ya kutojisajili waliyopewa wafanyabiashara wadogo haiwahusu watoa huduma za afya, kwa hiyo hata kliniki ya watu watatu inapaswa kusajiliwa kwa Kamishna wa Data. Habari zikivuja, una saa 72 tangu ujue kumwarifu. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, itakayokuwa ndogo.

Msidhani ni maneno tu. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sasa fikiria ukurasa wako wa Facebook wenye picha za watoto wachanga na "hongera mama fulani". Fikiria pia lile kundi la WhatsApp la wafanyakazi ambamo majibu ya maabara hupigwa picha na kutumwa, na ndani yake yumo hadi yule muuguzi aliyeacha kazi mwaka juzi. Mtoeni leo. Majibu ya HIV hasa yasipite humo kabisa, maana yana sheria yake ya 2006. Karatasi za zamani zichomwe au zikatwekatwe mbele ya mtu unayemwamini.

Kwenye dawa nitasema moja tu, kwa kuwa tuko Mombasa. Mji huu unajua bugizi ni nini: vidonge vya usingizi vinavyotumiwa kulevya. Vidonge vya aina hiyo vikipotea kwako, hutaulizwa kama mwenye duka aliyeibiwa. Utaulizwa kama mtu anayelisha maskani za walevi wa dawa. Kabati la DDA, yaani la dawa zinazodhibitiwa, liwe na kufuli, ufunguo ukae kwa mtu mmoja kwa zamu, na kitabu chake kijazwe kidonge kwa kidonge, mbele ya shahidi, wakati wa kukabidhiana zamu. Akija kijana na karatasi ya daktari usiyemjua, mpigie huyo daktari.

Taka: lipa kampuni yenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, weka hati ya kila mzigo uliochukuliwa. Kijana wa mkokoteni ni rahisi, lakini sindano zikikutwa jaani Mwakirunge pamoja na vibandiko vyenye jina la kliniki yako, yeye hapatikani, wewe una bango barabarani.

Basi wakaguzi wakija. Waombe vitambulisho, waandike kwenye kitabu cha wageni: jina, ofisi, saa. Mtu mmoja awaongoze, na ajibu alichoulizwa tu. Ombeni matokeo ya ukaguzi kwa maandishi, hata kama wana haraka. Kuna watakaojileta bila barua na kusema "hili tunaweza kulimaliza hapa". Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016 anayetoa ana hatia sawa na anayepokea, na mtu mwenye mamlaka katika taasisi, hata ya binafsi, anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24 akijua au akishuku hongo. Mwambie aandike notisi, utaijibu. Na ukipewa notisi ya kweli ya kufunga, usifungue mlango wa nyuma usiku kuhudumia wateja wa mtaani. Rekebisha kilichotajwa, ambatanisha picha na stakabadhi, omba ukaguzi upya kwa barua, na hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa.