Mtunga sheria anapokuwa mdhibiti wa nishati

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Mikindani tumebishana sana barazani kuhusu wanasiasa wa Marekani wanaotoka katika mabunge ya majimbo na kukabidhiwa kazi ya kudhibiti umeme na gesi. Je, mtu aliyezoea kuomba kura anaweza kuamua kwa haki kati ya kampuni na mteja? – Msomaji, Mikindani, Mtwara.

JIBU: Ndugu msomaji, anaweza, ila hilo hutegemea zaidi namna kiti chenyewe kilivyowekewa masharti kuliko tabia ya anayekikalia. Mtazame Tony Clark wa North Dakota, ambaye katika miaka ya 1990 alikuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo, akawa kamishna wa kazi, na tangu 2001 hadi 2012 akatumikia tume ya jimbo inayosimamia huduma za umma. Mwaka 2012 Rais Barack Obama alimteua kuingia Tume ya Shirikisho ya Kudhibiti Nishati, naye akahudumu hadi 2016. Clark ni wa chama cha Republican na Obama ni wa Democratic. Uteuzi huo haukuwa hisani, kwa kuwa tume hiyo ina viti 5 na sheria hairuhusu chama kimoja kushika zaidi ya 3.

Katika tume ya North Dakota, hata hivyo, makamishna 3 huchaguliwa na wananchi kwa kipindi cha miaka 6. Utaratibu huo, kwa maoni yangu, una kasoro: mgombea anayeahidi umeme wa bei nafuu amekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi. Bungeni mtu hushawishi wenzake hadharani na faraghani. Kwenye tume ya shirikisho, shauri linalobishaniwa likishafunguliwa, kamishna hapaswi kulizungumza kwa siri na upande wowote, na uamuzi wake lazima uwe na sababu zinazoweza kupingwa mahakamani. Faida anayokuja nayo mtunga sheria ni kuelewa kwa nini kifungu fulani kiliandikwa hivyo, na hiyo si faida ndogo.

Kwetu hakuna kura ya namna hiyo: mwenyekiti wa bodi ya EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti huduma za nishati na maji, huteuliwa na Rais. Nanyi wa Mtwara mkumbuke kwamba uchimbaji wa gesi ya Mnazi Bay husimamiwa na PURA, iliyoundwa kwa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, kwa hiyo malalamiko ya kisimani yakipelekwa EWURA yatakuwa yamekosea mlango. Ya bei ya umeme ndiyo ya EWURA, na nafasi ya mwananchi kusema ni kwenye mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni ya wadau, ambako Baraza la Ushauri la Watumiaji huwatetea wateja. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Baraza la Ushindani.