Hewa ukaa na oksijeni kwenye tenki la mimea, kwa mnaoanza huku nyanda za juu

Wadogo zangu mnaoanza kufuga samaki kwenye tenki lenye mimea hapa Mbeya na Iringa, swali linalojirudia ni hili: nikiweka hewa ukaa (kaboni dioksidi, chakula cha mimea) si itafukuza oksijeni samaki wafe? Hapana. Kwenye maji hizi gesi mbili hazigombanii nafasi, kila moja inayeyuka kivyake, unaweza ukawa na miligramu 30 za hewa ukaa kwa lita na oksijeni ikawa imejaa vilevile. Tena mimea ikishiba mchana oksijeni inapanda mpaka unaona vitone vidogo vimeshika kwenye majani vinaachia kimoja kimoja kwenda juu.

Shida ni usiku. Taa ikizimwa mimea nayo inabaki kupumua tu, inavuta oksijeni na kutoa hewa ukaa sawa na samaki na bakteria wa kwenye filta, na kama unatengeneza hewa ukaa kwa ile chupa ya sukari na hamira ndo kabisa, haina swichi, inatoa gesi mpaka asubuhi. Afu kwa baridi yetu hamira inalala, jua likipiga chumba inaamka kwa nguvu, yaani gesi haiji sawasawa. Kwa hiyo tenki usilipime mchana, lichungulie alfajiri kabla taa haijawaka. Ukikuta samaki wako juu kabisa midomo inagusa uso wa maji, mashavu yanapiga harakaharaka, usikimbilie dawa jamani! Funga hewa ukaa, washa pampu ya hewa, badilisha sehemu ya maji.

Na huku kwetu kuna la ziada. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, maji ya nyuzi 25 ambayo Dar yanabeba kama miligramu 8 za oksijeni kwa lita huku yanabeba karibu 7 tu. Maji ya baridi yanashika oksijeni zaidi, ila ukiweka hita ukapandisha mpaka 28 hiyo faida umeitoa mwenyewe.

Dawa yake ni kugeuza mdomo wa filta uso wa maji uchezecheze, bila kupiga povu. Hewa ukaa kidogo itapotea, sawa tu, unaongeza. Wenye mtungi wa hewa ukaa wekeni taima, gesi ianze saa moja au mbili kabla ya taa na izime saa moja kabla taa hazijazimwa. Kile kipimo cha rangi cha kuonyesha hewa ukaa ndani ya maji, bluu ni kidogo, kijani safi, njano imezidi, na kinachelewa saa moja mpaka mbili kuonyesha, so usiongeze gesi kila ukikitazama.

Mnaotaka mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, hao wamezoea pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya karibu 8 na hewa ukaa inaishusha, wapeni mawe na pampu ya hewa tu, mmea ukitaka weka valisneria, hata ziwani kwao ipo.