Programu za kuzuia kukrashi kwenye kompyuta kuukuu: pima kwanza kabla hujalipa

Mkuu, nimekuelewa hivi: kompyuta ya nyumbani ni ya zamani, mara inaganda, mara inaleta skrini ya bluu, mara inajizima na kujiwasha yenyewe, na umekutana na programu inayoahidi kuzuia yote hayo. Jibu fupi ni usiinunue. Jibu refu ndilo lenye faida, maana vipimo vya kujua ni kipuri gani kimechoka vingi ni vya bure.

Kuna mambo mawili ambayo matangazo huyachanganya. Moja ni programu kufa peke yake: kivinjari kinajifunga, Word inagoma kujibu, lakini kipanya kinatembea na mengine yanaendelea. Hilo kwa kawaida ni tatizo la programu husika, au viongezi vyake, na dawa yake ni kuisasisha au kuiondoa na kuiweka upya. La pili ni mashine nzima kufa: picha inaganda, sauti inakwama kwenye mlio mmoja, skrini ya bluu, au umeme unakata ghafla kama mtu kachomoa waya. Wewe umeeleza hili la pili, na hapa hakuna programu ya kuokoa.

Kuna wakati programu hizi zilikuwa na kazi ya kweli. Windows 95 na 98 ziliacha sehemu kubwa ya kumbukumbu ya mfumo wazi, na programu yoyote ikiandika pasipo pake iliweza kuangusha kila kitu. Norton CrashGuard na wenzake walikaa mlangoni wakiliwahi kosa kabla programu haijafungwa, ukapata nafasi ya kuhifadhi kazi yako. Hata hivyo hawakutibu, walichelewesha tu. Windows XP ya mwaka 2001 ilileta majumbani kiini cha NT, ambacho kinaipa kila programu chumba chake chenye ukuta. Mlinzi yule akakosa kazi, ila tangazo lake linaendelea kuzunguka.

Leo skrini ya bluu ni uamuzi wa Windows yenyewe. Kerneli (kiini cha Windows) imekuta jambo lisilowezekana kwenye kumbukumbu au kwenye draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa), ikaona heri isimame kuliko kuendelea na kuandika takataka kwenye diski yako. Programu inayotaka kuingilia hapo lazima nayo ikae ndani ya kerneli, na ikishakaa humo ni draiva nyingine inayoweza kuleta skrini ya bluu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike, ambayo hukaa humo humo, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Hao walikuwa na wahandisi wa maana. Na kama pawasaplai (kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta) imeyumba, hiyo programu ya kuzuia kukrashi inazimika pamoja na mashine.

Ukifungua vifurushi hivi ndani unakuta vitu vitatu. Kuna kisafisha rejistri (hifadhi ya mipangilio ya Windows), ambacho hufuta maingizo ambayo hayakuwa yanamdhuru mtu. Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi yake. Kuna kisafisha RAM, ambacho huzilazimisha programu kuachia kumbukumbu ili namba ipendeze, kisha ukirudi kwenye programu zako data inarudishwa tena, na kama una diski ya kuzunguka unaisikia ikikoroma. Cha tatu ni kisasisha draiva. Hicho ndicho hatari zaidi, kwani kikipachika draiva isiyo ya kifaa chako, kompyuta iliyokuwa inaganda mara moja kwa wiki itashindwa hata kuwaka.

Sasa vipimo. Anza na ushahidi, usianze kubadilisha vitu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda kichupo cha Advanced, chini kwenye Startup and Recovery bofya Settings, ondoa tiki ya Automatically restart na uchague Small memory dump. Kuanzia hapo skrini ya bluu itabaki mbele yako uisome, na rekodi yake itahifadhiwa kwenye folda C:\Windows\Minidump. Programu ya bure ya BlueScreenView inazisoma. Ila usiamini sana jina la draiva inalolipaka rangi ya waridi. Mara nyingi huyo ni aliyekutwa eneo la tukio, siye mhalifu.

Kisha Windows na R tena, andika eventvwr.msc, ingia Windows Logs, halafu System. Tafuta tukio namba 41 la Kernel-Power. Lenyewe halisemi zaidi ya kwamba mashine haikuzimwa vizuri, kwa hiyo wanaoandika "nina tatizo la 41" hawajasema kitu. Fungua kichupo cha Details usome BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa: fikiria umeme, joto, au kuganda kulikokufanya ubonyeze kitufe cha kuzima. Ikiwa si 0, fahamu kwamba namba hiyo imeandikwa kwa mfumo wa kumi, wakati majedwali ya makosa yako kwa mfumo wa kumi na sita (namba zinazoanza na 0x), na hapo wengi hupotea. 26 ni 0x1A na 80 ni 0x50, zote mbili zikinuka kumbukumbu. 122 ni 0x7A, Windows imeshindwa kusoma kitu kutoka diski. 209 ni 0xD1, kwa kawaida draiva. 278 ni 0x116, kadi ya picha au draiva yake. 292 ni 0x124, yaani vifaa vyenyewe vimeripoti hitilafu. Hapo achana kabisa na habari za programu. Angalia pia matukio ya chanzo kiitwacho WHEA-Logger (msajili wa hitilafu za vifaa), na yale ya diski namba 7, 129 na 153.

Kipimo kinachofuata kinamaliza ubishi mwingi. Weka Linux yoyote ndogo (mfumo wa bure usio Windows) kwenye fleshi, washa kompyuta kupitia fleshi hiyo bila kusakinisha chochote, uchomoe hata kebo ya diski kuu (mashine ikiwa imezimwa), kisha itumie saa kadhaa kwa siku, video na kila kitu. Ikiganda na humo, Windows haina kesi. Ikitulia siku mbili tatu, mtuhumiwa ni diski, draiva au Windows.

RAM. Usitegemee kipimo kifupi cha Windows peke yake. Kwa mashine ya zamani yenye BIOS ya kale (programu ya kwanza kuwaka kwenye kompyuta) chukua Memtest86+, ile yenye alama ya kujumlisha, kwa sababu inawaka kwa BIOS ya kale na kwa UEFI, mrithi wake. MemTest86 mpya zinadai UEFI. Iache usiku kucha, angalau mizunguko minne. Kosa moja tu linatosha. Hakuna "makosa machache yanayovumilika". Ikileta kosa usikimbilie kununua. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 10 kumaliza chaji, toa RAM zote, sugua meno yake taratibu kwa raba nyeupe, futa kwa spiriti ya isopropili, pulizia sloti. Rudisha moja, pima. Kisha nyingine kwenye sloti ile ile. RAM moja ikikosea na nyingine ikipita, umempata. Zote zikikosea kwenye sloti moja na kupita kwenye nyingine, tatizo ni mazabodi (ubao mkuu). Kila moja ikipita peke yake lakini zikikosea pamoja, ingia BIOS uzime XMP (mpangilio unaoipa RAM kasi zaidi) au ushushe kasi hatua moja, mathalani DDR3 ya 1600 uiweke 1333, upime tena. Mazabodi iliyochoka hushindwa kubeba RAM nyingi kwa kasi ileile ya ujana wake.

Umeme ndio eneo linalosahauliwa zaidi, kwa sababu pawasaplai mbovu haiachi ujumbe. Dalili yake ni kujizima ghafla au kujiwasha upya mzigo unapopanda: unafungua mchezo, unachomeka diski ya nje, DVD inaanza kuzunguka. Kwa mita ya umeme pima kwenye plagi ya pini nne mashine ikiwa inafanya kazi nzito, si ikiwa imepumzika: mweusi ni ardhi, njano lazima iwe kati ya volti 11.40 na 12.60, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Kwenye plagi kubwa ya mazabodi, waya wa rangi ya chungwa uwe kati ya 3.14 na 3.47. Namba za volti zinazoonyeshwa na programu ndani ya Windows zichukulie kama uvumi tu. Na mita ya kawaida haioni mawimbi madogo yanayopanda juu ya umeme huo, ambayo kwa kiwango cha ATX (kanuni za pawasaplai za kompyuta) hayatakiwi kuzidi milivolti 120 kwenye njano na 50 kwenye nyekundu. Kwa hiyo volti sahihi haiisafishi pawasaplai moja kwa moja. Kuazima nyingine nzima na kujaribu nayo siku chache ndiyo hukumu. Usiifungue pawasaplai. Kapasita kubwa iliyomo inaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya.

Ukiwa umefungua kasha, mulika kapasita za mazabodi, hasa zile zilizopangana karibu na prosesa. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa. Kikiwa kimevimba, au kuna ukoko wa kahawia juu au chini, kapasita imekufa. Mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilijaa kapasita mbovu za namna hii. Zinabadilishika kwa kuchomelea: ujazo uleule wa mikrofaradi, volti zilezile au juu kidogo, aina ya ESR ndogo (ukinzani mdogo wa ndani), na upande wa hasi uheshimiwe. Kapasita ya kawaida ya redio hapo haikai muda.

Joto ni rahisi. Weka HWiNFO (programu ya kusoma joto), acha ikiandika vipimo kwenye faili, fanya kazi nzito dakika 20. Prosesa nyingi za Intel Core zina kikomo cha karibu nyuzi 100 za selsiasi, lakini hujipunguza kasi kabla ya kujizima. Kwa hiyo mashine inayokuwa nzito kwanza, halafu inazimika, inakuambia yenyewe. Toa vumbi ukiwa umeishika feni isizunguke. Ondoa hitisinki (chuma cha kupoza prosesa), futa pesti ya joto iliyokauka, weka tone jipya la milimita 4 hadi 5 katikati, bana skrubu kwa mshazari, si upande mmoja kwanza. Kupaka nyingi hakusaidii.

Diski: fungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, uangalie mistari 05 (sekta zilizohamishwa), C5 (sekta zenye shaka), C6 (sekta zisizosomeka) na C7 (makosa ya mawasiliano kwenye kebo). Namba ghafi kwenye programu hiyo kwa kawaida ziko kwa mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo "10" ni 16. C5 ikiwa juu ya sifuri, hamisha data leo. C7 ikipanda huku nyingine ziko sifuri, badilisha kebo ya SATA (ya data ya diski) kabla ya kuilaumu diski. Kosa kubwa hapa ni kukimbilia chkdsk /r kwenye diski inayokufa. Inailazimisha kusoma kila sekta, na wengine huimalizia hapo hapo. Nakili kwanza.

Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi nayo iangalie. Ikiwa saa inarudi nyuma kila ukichomoa umeme, betri imeisha, na BIOS inaposahau mipangilio inaweza kubadilisha mtindo wa SATA (namna kompyuta inavyoongea na diski) kutoka AHCI kwenda IDE, ukapata skrini ya bluu ya 0x7B ukadhani diski imekufa. Mpya ni volti 3.

Ikiwa vifaa vyote vimepita, ndipo uingie Windows. Fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, tanguliza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow, kwa mpangilio huo kwa sababu ya pili hurekebisha kutoka ghala la faili za Windows ambalo ya kwanza imelitengeneza (kwenye Windows 7 hiyo ya kwanza haipo kwa sura hiyo, tumia sfc tu). Kama una antivairasi mbili, ondoa moja. Mbili zikigombania faili moja ndani ya kerneli ni chanzo halisi cha kuganda. Draiva za kadi ya picha na mtandao zichukue kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa kifaa. Ukibaki na shaka ya draiva, amri ya verifier huzibana draiva ulizochagua mpaka mbovu ijitokeze. Chagua zisizo za Microsoft pekee, na kabla ya hapo tengeneza sehemu ya kurejea. Mashine ikikataa kuwaka baada yake, ingia hali salama uandike verifier /reset.

Programu ambazo ningeziacha zikifanya kazi wakati unatafuta ugonjwa ni za kunakili faili zako kila siku kwenye diski nyingine, na ile inayohifadhi kazi yako yenyewe. Word kwa kawaida huhifadhi nakala ya dharura kila dakika 10; ishushe iwe 2.

Ukishapima, lete BugcheckCode tatu za mwisho, mistari ile minne ya diski, joto la juu kabisa lililoandikwa, na kama Linux ya kwenye fleshi iliganda au la. Bila hayo, yeyote atakayekujibu, mimi nikiwemo, atakuwa anabahatisha.